Tundu Nyuma ya Vox AC30

Mpiga gitaa anayeijua Vox AC30 anaijua kwa ule mlio wa juu unaometa, unaopenya kati ya ngoma na besi bila kukwaruza sikio. Wengi huamini amplifaya hii ilizaliwa nao. La hasha. Uliongezwa baadaye, kwa kukata ubao wa nyuma na kufunga kibati chenye valvu moja ya ziada.

Amplifaya hizi zilikuwa zikiundwa Dartford, katika jimbo la Kent nchini Uingereza, kwenye kampuni ya Tom Jennings. Msanifu wake, Dick Denney, naye alikuwa mpiga gitaa. Alianza na AC15 ya wati 15, lakini The Shadows, bendi ya Hank Marvin, walipoanza kumezwa na mayowe ya mashabiki ukumbini, wati hizo hazikutosha. Mwaka 1959 ikaja AC30: muda si mrefu ikawa na valvu nne za EL84 za kusukuma spika, na spika zenyewe zikawa mbili, za Celestion, inchi 12 kila moja.

Nguvu ikapatikana, ung'avu ukawa haba. Kitufe pekee cha kurekebisha mlio kazi yake ilikuwa kupunguza sauti za juu. Aliyetaka kuziongeza hakuwa na pa kushika.

Dawa ya Denney, iliyoanza kupatikana mwaka 1961, iliitwa Top Boost, na hadi leo naiona kuwa kazi ya fundi aliyekomaa. Valvu ya ECC83 ina sehemu mbili ndani ya kioo kimoja. Ya kwanza hukuza mawimbi yanayotoka kwenye gitaa. Ya pili haikuzi chochote. Huyapa msukumo wa kutosha ili yasilegee yanapoingia kwenye mtandao wa kapasita na rezista. Humo, kapasita ndogo mno ya pikofaradi 50 hupitisha sauti za juu kwa urahisi na kuzizuia za chini. Vitufe viwili, cha sauti za juu na cha besi, vikaachwa mkononi mwa mpigaji. Kwa kuwa vilikaa nyuma, ilimlazimu ajipinde hadi mgongoni mwa sanduku ili avizungushe.

Usumbufu huo haukumzuia mtu. Walionunua AC30 mapema walifungiwa kibati hicho kwenye zile zile walizokuwa nazo, na kufikia 1964 vitufe vilikuwa vimehamia juu, pamoja na vingine. The Edge wa U2 amejenga mlio wake juu ya Top Boost ya mwaka huo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoona kila rekebisho kwenye amplifaya kuukuu kuwa ni uharibifu. Hata hivyo, AC30 ya kale isiyowahi kukatwa sasa ni adimu, na mimi nisingeipeleka kwenye msumeno. Isitoshe, kapasita zake kubwa huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, umeme wa kutosha kuua. Ni kazi ya fundi anayejua kuzimaliza chaji kwanza.

Wala si lazima kukata ubao ili kuongeza sauti za juu: mpiga gitaa Rory Gallagher alipata ukali wake kwa kisanduku kidogo cha Rangemaster, kilichokaa kati ya gitaa na AC30. Brian May wa Queen naye hutumia kisanduku cha aina hiyo, akichomeka kwenye chaneli ya Normal, ile ambayo Top Boost haiigusi.