Kutoka Shiraz Kuteremka Siraf

Msikiti wa Atiq wa mjini Shiraz ulianza kujengwa mwaka 894. Wakati huo vyombo vya Ghuba vilikuwa tayari vikishuka na kaskazi hadi pwani yetu. Niliianza safari hapo, shanta mgongoni, kwa sababu Shiraz ndio mji ambao wazee wengi wa Kizimkazi, Tumbatu na Kilwa huutaja wakiulizwa asili yao. Habari za kale za Kilwa zinamtaja Ali bin Hassan, mtoto wa mfalme wa Shiraz, aliyekinunua kisiwa kile kwa nguo. Lakini Shiraz iko milimani, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Wanaoitwa Washirazi walipandia chombo wapi?

Katika soko la Vakil, muuza vitabu mmoja aliposikia kwamba Zanzibar kuna maelfu ya watu wanaojiita Washirazi, aliwaita majirani zake waje wasikie. Chai ikaletwa, kila mtu akabana bonge la sukari kwenye meno na kunywa. Maswali yakaanza: wanasali vipi, wanakula nini, wanajua Kiajemi? Kisha mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote akauliza, “Na mama zao walikuwa watu wa wapi?”

Sijaulizwa swali la maana zaidi katika safari nzima. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, hasa kwenye pwani yetu, wakiwemo wa Kilwa, Manda na Mtwapa. Kwa wengi wao, upande wa baba ulikuwa na asili kubwa ya Uajemi, na upande wa mama ulikuwa karibu wote wa Kiafrika. Mchanganyiko ulianza kiasi cha mwaka 1000. Nikamjibu mzee kwamba mama walikuwa wenyeji, na lugha iliyobaki ni yao.

Kutoka Shiraz njia ya misafara ilielekea kusini hadi Firuzabad. Hapo Ardashir, aliyeanzisha dola ya Wasasani mwaka 224, alijenga mji wa duara uitwao Gur, na mpaka leo duara lake linaonekana ukiwa juu mlimani. Wafugaji wa Kiqashqai hupita huko na kondoo wao. Familia moja ilinikaribisha mtindi uliozimuliwa kwa maji na kutiwa chumvi. Kwa jua lile, sijui kinywaji kilicho bora zaidi. Baada ya hapo ni milima mikavu, na magofu ya nyumba za kupumzikia misafara, mpaka bahari itokee chini kwa ghafla.

Siraf, bandari ya mwisho wa njia hiyo, leo ni mji mdogo wa wavuvi, jirani na mitambo ya gesi. Katika karne ya 10, mwanajiografia Istakhri aliandika kwamba ulikaribia kulingana na Shiraz kwa ukubwa na fahari, na kwamba nyumba zake za ghorofa zilijengwa kwa msaji na kwa mbao kutoka nchi ya Zanj. Nchi ya Zanj ni kwetu. Msafiri na mwandishi Masudi naye alisafiri na manahodha wa Siraf hadi Qanbalu, kisiwa ambacho wataalamu wengi wanadhani ni Pemba, akaandika kwamba hajaona bahari ya kutisha kama ile. Mwaka 977 tetemeko la ardhi liliuvunja mji, na biashara yake ikaanza kufifia. Misingi ya msikiti mkuu uliochimbuliwa na mwanaakiolojia David Whitehouse kuanzia mwaka 1966 iko pale ufukweni, na mlimani makaburi yamechongwa kwenye mwamba, safu juu ya safu.

Nilikaa muda mrefu kwenye misingi ile. Tumezoea kuisimulia njia hii kama njia ya kuja kwetu tu, ilhali vyombo vilivyowaleta wageni vilirudi na mbao, pembe za ndovu na watu. Watu hao walitekwa na kuuzwa, na uzao wa Waafrika waliovushwa bahari kwa karne nyingi ungali unaishi kwenye pwani ya kusini ya Iran. Anayejivunia Ushirazi, na ana haki ya kujivunia, hana budi kuwakumbuka na hao.

Bushehr, kaskazini zaidi, bibi mmoja alinipa mchuzi mzito wa samaki, wenye ukwaju, uwatu na majani ya giligilani, katika nyumba ya babu yake. Juu ya vichwa vyetu kulikuwa na dari ya boriti za mikoko, nyekundu kwa uzee. Nilimwambia kwamba majahazi yalichukua boriti kama hizo Lamu na delta ya Rufiji kwa mamia ya miaka, na kwamba Kenya ilipiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982 tu. Akaniuliza kwa nini vyumba vya zamani vyote ni vyembamba vile. Boriti haizidi sana mita tatu, nikamwambia, na fundi alijenga chumba kwa urefu wa mti alioletewa.