Kompyuta Bila Diski: Vile Lab Nzima Inawaka Kupitia Kebo, na Kwa Nini Kerneli Mpya Inaweza Kuilaza

Kama umewahi kushika lab ya kompyuta hapa South Coast, iwe Ukunda, Msambweni ama ndani huko Kinango, diski zimekusumbua. Upepo wa bahari unakuja na chumvi, stima inapotea bila hodi, na zile mashine za ex-UK zilifika zikiwa zimeshachoka. Ukitaka diski ingine ni uvuke ferry Likoni uende Mombasa, na shule haina doo ya kubadilisha 20.

Kuna form ingine, na ni mzee kuliko wengi wetu. Toa diski zote. Mashine inabaki na bodi, RAM na kadi ya mtandao, halafu inavuta mfumo wake wote kutoka seva moja. LTSP, mradi wa Linux ulioanza 1999, ndio umetumika sana mashuleni. Usichanganye na vile visanduku vya NComputing. Hivyo vinakuonyesha tu kioo cha kompyuta nyingine. Hapa kila mashine inapakia kerneli yake kwa RAM yake.

Ukibonyeza swichi inaenda hivi. Kadi ya mtandao ina kaprogramu kanaitwa PXE, mpango ambao Intel iliusukuma mwishoni mwa miaka ya 90. Kanapiga kelele kwa mtandao: mimi ni nani? DHCP ya seva inajibu na anwani ya IP pamoja na jina la faili ya kuchukua. Faili inakuja kwa TFTP, na TFTP ni mzee wa mkongojo: anabeba baiti 512, anangoja uitikie, ndio arudi kuchukua zingine. Tena hesabu yake ya vipande inaishia 65,535, kwa hivyo bila nyongeza za baadaye faili ya zaidi ya MB 32 inamshinda. Ndio maana wasee wengi siku hizi wanatumia iPXE, inavuta kwa HTTP na haina hizo drama.

Sasa kerneli imefika. Hapa ndipo watu hupotea. Kerneli ikiamka haikumbuki chochote PXE ilifanya. Haina IP, na kadi ya mtandao kwake ni chuma tu hadi ipate dereva. Lakini madereva mengine yako kwa diski, na diski iko kwa seva, na seva unaifikia kwa kadi. Yai na kuku, bwana. Suluhu ni mbili: dereva iwe imejengwa ndani ya kerneli yenyewe, ama ije kwa kifurushi kidogo kinaitwa initramfs. Ukisahau unapata ule ujumbe wa kukata tamaa: VFS: Unable to mount root fs.

Kodi inayofanya hii kazi ni ndogo sana. Kodi hapa si ile ya KRA wala ya mwenye nyumba. Ndani ya Linux kuna faili mbili: ipconfig.c inatafuta IP upya, na nfsroot.c inashika folda ya seva na kuifanya iwe ndiyo diski. Maelezo yake yaliandikwa 1996, na siku hizi unaandika hivi:

root=/dev/nfs ip=dhcp nfsroot=192.168.1.10:/srv/darasa,vers=3,tcp

Usiruke yale maneno mawili ya mwisho. Kwa miaka mingi hiyo kodi ilikuwa inaomba NFS toleo la 2 kupitia UDP kama hujasema lolote. Ulimwengu ukasonga. Seva mpya zikaacha toleo la 2, na kuanzia Linux 5.6 ya 2020, UDP ya NFS huzimwa isipokuwa aliyejenga kerneli ameiruhusu. Hakuna aliyegusa lab yako, lakini siku ukiapdeti seva, mashine 20 zinasimama kwa kioo cheusi na wewe unalaumu swichi. Kwa miaka mingi Debian na Ubuntu zilifanya hii kazi ndani ya initramfs kwa kitu kinaitwa nfsmount, na hicho hakikujua toleo la 4. Seva ikitoa la 4 pekee, mumekosana.

Kwa hivyo usiwahi kufuta kerneli ya zamani. Iache kwa menyu ya PXE, jaribu mpya kwa mashine moja wiki nzima, na kama hata moja huwezi kuitoa darasani, tumia QEMU kwa laptop yako. Ikikataa, kuna git bisect. Matoleo mawili yanayofuatana huwa na mabadiliko zaidi ya 10,000, lakini ukigawanya kati kila mara, majaribio kama 14 yanakufikisha kwa lile lililovunja. Hilo ndilo unawapelekea wenyewe. Upande wa NFS, faili ya MAINTAINERS imeandika Trond Myklebust na Anna Schumaker. Kodi ya aina hii inatumiwa na wachache, so usiporipoti inaweza kukaa imevunjika muda mrefu.

Stima nayo? Seva ikizima, mashine hazidedi. Zinaganda zikiandika not responding, still trying, na seva ikirudi zinaendelea pale pale, mradi zenyewe hazikuzimika. UPS moja kwa seva na swichi inalinda faili za wote. Folda ya mfumo itoe kwa kusoma tu, na yale wanafunzi wanaandika yaende RAM kupitia overlayfs, iliyo ndani ya Linux tangu 2014. Kazi zao waweke folda tofauti.

Mwisho, noma yenyewe. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kerneli ya PC za biti 32. Zile Pentium 4 za kwanza kwanza zinabaki na Debian 12, ama zipishe. Kabla hujanunua mzigo mwingine wa ex-UK, washa moja kwa flashi ya Linux, andika lscpu, na usome mstari wa op-mode. Kama 64-bit haipo hapo, mrudishie muuzaji.