Mkata Kuni wa Usiku: Chui, Kima na Daftari la Babu

Waarabu wana neno lao, hatibu laili, yaani mkata kuni wa usiku. Humwita hivyo mtu akusanyaye kila alisikialo bila ya kulichambua, kwa kuwa mwenye kuokota kuni gizani hutia mkono kichakani asijue alishikalo, na huenda akafunga nyoka pamoja na vijiti, kisha akajitwika mwenyewe. Nililisoma neno hili chuoni Unguja nikiwa mdogo. Wanazuoni wa kale walilitumia kuwakemea wapokezi wa habari wasiopima sanadi, na mimi naona linatufaa sana sisi tunaokusanya habari za wazee wetu huku tumetawanyika Maskati, Dubai, London na hapa Skärholmen. Mizigo yetu mingi imefungwa gizani. Leo nataka kuufungua mmoja mchana.

Mzigo wenyewe mnaujua. Ni hadithi ya babu yetu na chui. Kwa jamaa wa Maskati, babu alikuwa akikata kuni maweni, upande wa kusini wa Unguja, chui akamrukia, naye akamuua kwa pigo moja la shoka. Kwa jamaa wa Dubai hapana shoka. Chui yule alikuwa wa kufugwa, ametumwa na mchawi, na babu alipomsomea Ayatul Kursiyyu akageuka akaenda zake. Marehemu mama yangu, aliyekuwa binti yake, hakupenda kuisimulia kabisa. Akiulizwa alisema tu kwamba babaenu hakuwa mtu wa shoka, kisha akabadili mazungumzo.

Ningeliiacha ilivyo, kwani hadithi ya chui haimdhuru mtu. Lakini mjukuu wangu, aliyezaliwa hapa na anayesoma hapa, aliwasimulia wenzake darasani habari ya shoka, na mwalimu akamwomba aiandike kwa mradi wa historia za familia. Kitu kikishaandikwa hushika mizizi. Mimi niliyeshika kalamu ya ukarani miaka thelathini nalijua hilo vizuri.

Nyuma ya majumba yetu, ukishuka kuelekea ziwa la Mälaren, upo msitu wa Sätra, uliotangazwa kuwa hifadhi mwaka 2006. Majumba yenyewe ni ya zama za ule mpango mkubwa wa Uswidi wa kujenga makazi milioni moja kati ya 1965 na 1974. Soko la Skärholmen lilifunguliwa mwaka 1968. Watoto wa shule hupelekwa msituni humo kuoka soseji, na mjukuu wangu alirudi siku moja akanieleza sheria kwa makini kama kadhi: kijiti kikavu kilichoanguka chini unaweza kukiokota, lakini tawi la mti ulio hai hulivunji, na gome lake hulibandui. Hata mti ulioangushwa na upepo una mwenyewe. Na ndani ya hifadhi magogo yaliyooza huachwa yalale, kwa sababu wadudu hukaa humo, na kigogota mweusi mwenye utosi mwekundu huwafuata. Paa wa huku, wadogo na waoga, huja hadi kwenye njia za watu alfajiri. Yule mtoto aliona ajabu kwamba babu wa babu zake alikata miti na kukutana na wanyama wa kuua, ilhali yeye haruhusiwi hata tawi.

Nilimwambia kwamba hata hapa haikuwa hivi siku zote. Mfalme Gustav Vasa aliitwaa mialoni yote ya nchi mwaka 1558 kwa ajili ya merikebu zake, na mkulima hakuwa na ruhusa ya kuukata hata ule uliosimama katikati ya shamba lake. Haki ya kuikata ilirudi kwa wakulima mwaka 1830. Na wakati wa Vita vya Pili, makaa ya mawe yalipoadimika, kuni zilirundikwa Stockholm marundo makubwa kama majumba, na magari yalikwenda kwa gesi ya kuni. Alinisikiliza kwa adabu, lakini nilijua alilolitaka ni chui.

Basi nikalitoa daftari. Baadhi yenu mmeliona: gamba jekundu lililoliwa na mchwa, maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mkono wa babu mwenyewe, mzuri na wa haraka. Halina tarehe nyingi, lakini lina kitu bora kuliko tarehe. Linaanza kwa rupia na kumalizika kwa shilingi. Unguja iliiacha rupia na kuingia shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1936, kwa hiyo ukurasa wowote unaohesabu shilingi ni wa mwaka huo au baada yake. Kutokana na daftari hilo twajua kazi ya babu. Hakuwa mkata kuni. Alikuwa akinunua kuni kwa mizigo kutoka Charawe, Ukongoroni na Pete, akizileta mjini kwa magari ya ng'ombe, na kuziuza kwa waoka mikate na kwa wenye matanuri ya chokaa. Marehemu mama alisema kweli.

Vijana wetu waliokulia kwenye majiko ya umeme yafaa waambiwe mji ule ulikuwa ukila nini. Sikusudii wali na mchuzi. Nakusudia jiko lenyewe. Mashamba ya magharibi, yenye udongo mzuri, yalikuwa ya mikarafuu na minazi, na mwenye shamba alikuwa na makumbi na vifuu vyake vya kuwashia moto. Mji wa mawe haukuwa na kitu. Kila nyumba iliyopakwa chokaa nyeupe, tunayoipiga picha na kuitundika ukutani, chokaa yake ilitokana na mawe ya matumbawe yaliyochomwa kwa kuni, na tanuri moja la chokaa hula miti mingi. Kuni hizo zilitoka maweni, kwenye ardhi ya jiwe kali ya kusini na mashariki waliyobaki nayo Wahadimu baada ya udongo mzuri kupandwa karafuu. Waliokata walikuwa wao, wanaume na wanawake, kwa panga na shoka, miguu mitupu juu ya jiwe linalokata kama chupa iliyovunjika. Waliokutana na nyoka, nyuki na chui ni wao. Sisi tulikutana na mzigo ukiwa umeshafungwa.

Nyumbani kwetu, nikiwa mtoto, nyoka hakutajwa kwa jina lake usiku; aliitwa kamba. Sasa naona neno lile lilikuwa na maana zaidi kwa wanaofunga mizigo kuliko kwetu tuliokuwa tumelala vitandani.

Kuna habari nyingine iliyokuja mjini pamoja na magari yale, nayo jamaa wameicheka miaka mingi. Wakata kuni walimwambia babu kwamba wako kima wanaokula makaa. Mama aliisimulia kama kichekesho, mfano wa uongo wa watu wa shamba. Lakini uongo si wao. Kima wenyewe ni kima punju, yule mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizosimama kuzunguka uso, asiyepatikana porini popote duniani isipokuwa Unguja na visiwa vya jirani, ila wachache waliopelekwa Pemba kwa mikono ya watu. Wataalamu walimpa jina la John Kirk, balozi wa Uingereza wa zama za Sayyid Barghash. Mwaka 1997 mtafiti Thomas Struhsaker na wenziwe walichapisha uchunguzi wao kutoka mashamba yanayopakana na msitu wa Jozani: kima hawa hula majani ya miembe na mikungu, majani yenye virutubisho vingi lakini yenye sumu ndani yake, kisha hutafuta makaa kwenye visiki vilivyoungua na penye matanuri ya makaa, wakayala ili yainyonye ile sumu. Watoto wao hujifunza kwa kuwatazama mama zao. Yaani mtu alikata mti, akauchoma, akaacha vipande, na mnyama akapata dawa. Sijui kisa kingine cha namna hii. Na wakata kuni waliokuwa wakichekwa mjini walikijua miaka sitini kabla ya karatasi ile.

Kwa hiyo tusidhani kuchambua maana yake ni kutupa tu. Mara nyingine unalolidhani nyoka ni ukuni mzuri.

Sasa chui. Chui wa Unguja alikuwapo kweli, mdogo kuliko wa bara, mwenye madoa madogo. Pocock alimwandika katika sayansi mwaka 1932 kwa jina la Dakta Aders, mtaalamu wa serikali ya Unguja, ambaye jina lake limepewa pia paa nunga, paa mdogo wa maweni. Mmoja amekaushwa akawekwa katika makumbusho ya Unguja, na wengi wetu tulimwona hapo tukiwa wanafunzi. Martin Walsh na Helle Goldman, waliozungumza na wanavijiji kwa miaka mingi, wameeleza imani iliyoenea kwamba wachawi hufuga chui na kuwatuma kuwadhuru watu na mifugo. Riwaya ya Dubai imetoka humo. Si kisa cha babu peke yake, ni kisa cha kisiwa kizima kilichovaa kanzu ya babu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kulipigwa kampeni ya kisiwa chote dhidi ya wachawi na chui pamoja, ikiongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Hadi miaka ya tisini watafiti waliomtafuta hawakumpata hai. Mwaka 2018 kamera ya watu wa filamu ilinasa picha ya mnyama wanayedai ni yeye, na wataalamu hawajaafikiana.

Nimesikia jamaa wakisema, tena kwa uchungu, kwamba chui alimalizwa pamoja na sisi, mwaka ule ule na kwa chuki ile ile. Ni maneno mazito na naelewa yanakotoka. Lakini kuhesabu kwa namna hiyo si haki. Makazi yake yalikuwa yakipungua kabla ya 1964, kila mwaka kwa kila gari la ng'ombe, na wapo babu zetu waliofaidi. Aliyelala na hofu ya chui ni yule mwenye mbuzi wawili na kibanda cha makuti, na huyo ndiye aliyeunga mkono kampeni. Jozani yenyewe, yenye kima, ilifanywa hifadhi ya taifa pamoja na ghuba ya Chwaka mwaka 2004, miaka arubaini baadaye.

Walio Ghuba wasijione wako mbali na habari hii. Dari za nyumba za zamani za Kuwait, Bahrain na Oman zimelala juu ya boriti za mikoko kutoka Rufiji na Lamu, na upana wa vyumba ulifuata urefu wa boriti. Mwaka 1939 Mwaustralia Alan Villiers alikuwamo ndani ya jahazi la Kikuwaiti lililoingia delta ya Rufiji kupakia boriti, na alieleza matope, joto na mbu wa mahali pale, penye mamba na viboko. Mikoko ilikatwa maji yakipwa, watu wamezama magotini. Unapopiga picha dari la babu mzaa babu huko Maskati, hiyo nayo ni miti iliyokatwa na mtu aliyekuwa akitazama maji kwa jicho moja.

Katika kitabu cha sheria za hija tulifundishwa kwamba ndani ya Haram ya Makka mti haukatwi na mnyama wa kuwindwa hatishwi, makatazo mawili kwa pumzi moja. Nilipokuwa mdogo sikuona mti na mnyama vinahusiana nini.

Narudi kwenye daftari, kwa sababu ndilo shahidi wa pekee tuliye naye. Katika kurasa za shilingi uko mstari huu, ninaueleza kwa maneno yangu: shilingi tatu, dawa na nauli ya gari, kwa mkata kuni wa Charawe aliyeparurwa na chui. Basi. Hakuna shoka la babu, hakuna kisomo, wala hapana dalili kwamba babu alikuwapo. Mstari wa chini yake ni wa majani ya ng'ombe.

Nilifurahi, nakiri, nikadhani nimepata sadaka ya babu, na kwamba mjukuu wangu atakuwa na kitu kizuri cha kuandika. Kisha nikafungua kurasa zilizofuata, maana karani hasomi mstari mmoja. Mara tatu, katika hesabu za mizigo ya Charawe, shilingi moja imepunguzwa, na pembeni limeandikwa neno moja: dawa. Ilikuwa mkopo, na ulilipwa wote.

Nimemsomea mjukuu mistari yote minne. Aliuliza mtu yule aliitwa nani. Mahali pa jina babu ameandika «wa Charawe», na kwa ng'ombe wake wawili ameandika majina.

Mama alikuwa akitaja daftari la pili, la gamba jeusi, lililobaki ndani ya sanduku la mama mkubwa na kwenda Maskati. Mwenye sanduku hilo namwomba atazame hesabu za Charawe, hasa kurasa za mwanzo za shilingi. Mwalimu ametupa hadi mwisho wa mwezi.