Mtihani Mmoja, Sura Nyingi: Shule ya Stuyvesant ya New York tangu 1904

0. Utangulizi

Shule ya serikali inayochagua wanafunzi kwa mtihani hubeba ahadi mbili kwa pamoja. Ni ya wote, kwa kuwa inaendeshwa kwa kodi ya wote. Tena ni ya wachache, kwa kuwa wengi wanaobisha hodi hawafunguliwi. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi ahadi hizo zilivyoishi pamoja, na zilivyogombana, katika Stuyvesant High School, shule ya sekondari ya jiji la New York nchini Marekani. Tumeichagua kwa sababu kanuni yake ya kuingilia ni nyepesi kueleza: mtihani mmoja, na alama zake peke yake. Hoja yetu ni kwamba kanuni hiyo, ijapokuwa imedumu miaka mingi, haikuleta kundi lile lile la wanafunzi. Waliopita mlangoni walibadilika kadiri jiji lilivyobadilika. Kwa hiyo sifa ya shule hii haielezeki bila kutazama yaliyotendeka nje ya chumba cha mtihani.

1. Kutoka karakana hadi shule ya wateule

Stuyvesant ilianzishwa mwaka 1904 kuwa shule ya wavulana ya kufundisha kazi za mikono pamoja na masomo ya kawaida. Mwaka 1907 ilihamia katika jengo lake la mtaa wa 15, upande wa mashariki ya Manhattan, jirani na vitongoji vilivyojaa wahamiaji kutoka Ulaya. Sifa yake katika hisabati na sayansi ilipoenea, waombaji walizidi nafasi. Mwaka 1919 wakuu walianza kupokea wanafunzi kwa kutazama maendeleo yao ya masomo, na mwaka 1934 ukawekwa mtihani wa kuingia.

Matunda ya kipindi hicho yanajulikana. Wanafunzi wanne wa zamani wa shule hii walipata Tuzo ya Nobel: Joshua Lederberg (1958, tiba), Roald Hoffmann (1981, kemia), Robert Fogel (1993, uchumi) na Richard Axel (2004, tiba). Wote wanne walitoka katika familia za Wayahudi wahamiaji. Hoffmann mwenyewe alizaliwa Poland, akanusurika mauaji ya Wanazi, akafika Marekani mwaka 1949. Kwa familia za namna hiyo, zisizokuwa na mali wala ukoo wa kujivunia, mtihani ulikuwa daraja: haukuuliza jina la baba wala lafudhi ya mama.

Hata hivyo daraja hilo halikuwa la wote. Nusu ya watoto wa jiji, yaani wasichana, hawakuruhusiwa hata kuufanya mtihani. Mwaka 1969 msichana wa miaka 13, Alice de Rivera, aliipeleka halmashauri ya shule mahakamani. Halmashauri ikalegeza msimamo, na mwaka huo huo wasichana wa kwanza wakaingia.

2. Sheria ya mwaka 1971

Baada ya swali la jinsia likaja swali la rangi. Mwaka 1971 wazazi na viongozi wa mitaa walidai kwamba mitihani ya shule hizi iliwabagua watoto weusi na wenye asili ya Puerto Rico. Mkuu wa elimu wa jiji, Harvey Scribner, alikubali uchunguzi ufanywe. Kabla uchunguzi haujazaa kitu, Bunge la Jimbo la New York lilipitisha sheria iitwayo Hecht-Calandra. Sheria hiyo iliagiza kwamba Stuyvesant, Bronx Science na Brooklyn Tech zipokee wanafunzi kwa mtihani wa ushindani peke yake, ingawa iliacha tundu dogo: mpango wa kuwasaidia watoto wasiojiweza waliokosa nafasi kwa alama chache.

Hapa lugha yetu inatusaidia kufikiri. Kwa Kiswahili, kufaulu si sawa na kushinda. Anayefaulu amefikia kipimo kilichowekwa, na darasa zima laweza kufaulu pamoja. Anayeshinda amempita mwenzake. Lazima awepo aliyeshindwa. Mtihani wa Stuyvesant ni wa aina ya pili. Hauna alama ya kufaulu iliyowekwa mapema: watahiniwa hupangwa kwa alama zao, nafasi hugawiwa kuanzia juu, na zinapokwisha mstari huchorwa. Kwa hiyo mtoto aweza kujua zaidi ya aliyeingia miaka kumi iliyopita, na bado akaachwa nje, kwa sababu wenzake wameongeza maandalizi.

3. Sura ya wanafunzi

Katikati ya miaka ya 1970 Wamarekani weusi walikuwa takriban asilimia 12 ya wanafunzi wa Stuyvesant. Mwaka 2012 walikuwa kama asilimia 1 tu katika shule yenye wanafunzi wapatao 3,300. Mwaka 2019 nafasi 895 zilitolewa: 587 kwa wenye asili ya Asia, 194 kwa weupe, 33 kwa wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na 7 kwa weusi. Wakati huo weusi na Walatini kwa pamoja walikuwa takriban theluthi mbili ya wanafunzi wote wa shule za serikali za jiji.

Mtihani ulikuwa pale pale. Nini basi kilibadilika? Kwanza, sheria ya uhamiaji ya 1965 ilifungua mlango kwa watu wa Asia, na Wachina na Wakorea wengi wakahamia Queens na Brooklyn. Pili, yalienea madarasa ya kulipia ya kuandaa watoto kwa mtihani, jioni na wakati wa likizo. Tatu, madarasa maalumu ya watoto wenye vipawa yalipungua katika mitaa ya weusi na Walatini, na shule za binafsi nazo zikawavuta baadhi ya watoto hodari wa mitaa hiyo.

Ingekuwa kosa kudhani kwamba waliofaidika ni matajiri. Wengi wa wanafunzi wenye asili ya Asia ni watoto wa wapishi, washonaji na wachuuzi, na familia zao hujinyima ili kulipa ada ya maandalizi. Ndiyo maana Meya Bill de Blasio alipopendekeza mwaka 2018 kuufuta mtihani na kuchukua wanafunzi bora wa kila shule ya kati, wazazi hao walipinga kwa nguvu, na mwaka 2019 pendekezo likakwama bungeni. Maskini walikuwa wanashindana na maskini juu ya nafasi chache.

4. Je, shule ndiyo inayofaulisha?

Pande zote mbili zilikubaliana juu ya jambo moja: kwamba kuingia Stuyvesant ni kupata elimu ambayo haipatikani kwingine. Mwaka 2014 wanauchumi Atila Abdulkadiroğlu, Joshua Angrist na Parag Pathak walilichunguza jambo hilo katika shule za mitihani za Boston na New York. Waliwalinganisha watoto walioingia kwa alama chache na waliokosa kwa alama chache. Waligundua kwamba katika mitihani ya baadaye, makundi hayo hayakutofautiana sana. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya matokeo mazuri ya shule huingia mlangoni pamoja na wanafunzi. Uchunguzi huo hauwavunjii heshima walimu. Unatuonya tu tusihesabu mavuno bila kuuliza mbegu ilitoka wapi.

5. Hitimisho

Historia ya Stuyvesant inatufundisha kwamba mtihani waweza kuwa wa haki kwa kila mtu aliyeketi mbele ya karatasi, na matokeo yake yakawa mazito kwa jamii nzima. Uliwainua watoto wa wahamiaji wa Ulaya, kisha wa Asia. Haukuweza kurudisha kilichoondolewa katika shule za msingi na za kati za mitaa mingine. Jiji lililogombania viti mia tisa vya shule moja lilikuwa na maelfu ya watoto katika shule ambazo hakuna aliyezigombania. Swali la nani aingie Stuyvesant lina uzito wake. Lakini uzito huo unatokana na udhaifu wa shule zile nyingine, na huko ndiko dawa inakopaswa kuanzia.