Mabaraza ya Wananchi na Huduma za Jamii Wakati wa Maradhi ya Mlipuko: Fundisho la Miaka ya 1972 hadi 1984

Katika historia ya Chama chetu yapo maamuzi ambayo tunayakumbuka kila mwaka kwa sherehe, na yapo mengine ambayo tunayapita kimya kimya. Kufutwa kwa mabaraza ya wilaya mwaka 1972, na ya miji mwaka 1973, ni katika hayo ya pili. Lakini kada asiyejua makosa ya Chama chake hawezi kukilinda Chama hicho. Ndiyo maana mwaka 1962, wakati Uhuru wetu ulikuwa bado mchanga, Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu cha "Tujisahihishe". Kujisahihisha si kujidhalilisha. Ni silaha ya wanamapinduzi.

Katika makala haya tunakusudia kuchambua swali moja tu: kipindupindu kilipovamia nchi yetu mwaka 1977, ni nani aliyekuwa akizisimamia huduma za jamii kwa niaba ya wananchi? Tunaposema huduma za jamii tuna maana ya maji, vyoo, uzoaji wa taka na zahanati, pamoja na matunzo ya mgonjwa, mzee, yatima na mtu asiyejiweza.

1. Urithi tulioupokea

Utawala wa kikoloni haukuwa na nia ya kumpa Mwafrika huduma, wala haukuwa na nia ya kumpa nafasi ya kuzisimamia. Dar es Salaam iligawanywa kwa rangi: Uzunguni, Uhindini, na Kariakoo ya Waafrika, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuwatenga Waafrika na wengine. Serikali ya kikoloni ilitoa sababu ya afya. Lakini maji ya bomba, mifereji na taa vilifuata rangi hizo hizo. Kwa hiyo afya ilitumiwa kama kisingizio cha ubaguzi, na ubaguzi ukazaa maradhi kwa wavujajasho.

Baada ya Uhuru hali hiyo ilianza kubadilishwa. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, na mabaraza yenye madiwani waliochaguliwa yakakabidhiwa shule za msingi, zahanati, barabara ndogo na usafi. Hata hivyo mabaraza hayo yalikuwa dhaifu. Watumishi wenye ujuzi walikuwa wachache. Mapato yao yalitegemea kodi ambazo mkulima alizichukia, na mahali pengine fedha zilipotea. Kodi hizo zilipoondolewa kati ya mwaka 1969 na 1970, wakulima walishukuru, na haki yao. Lakini baraza lisilo na mapato yake ni sawa na jembe lisilo na mpini. Kazi zake kubwa zikaanza kuchukuliwa na Serikali Kuu moja baada ya nyingine.

2. Madaraka Mikoani: nia na matokeo

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikataza uongozi wa kibwana na ukataka wananchi washiriki katika mipango inayowahusu. Mwaka uliofuata ikatangazwa siasa ya Madaraka Mikoani. Nia ilikuwa njema: kuyatoa madaraka Dar es Salaam na kuyapeleka karibu na mwananchi.

Lakini katika uchambuzi wa siasa, nia haitoshi. Hatuna budi kuuliza: madaraka yalitoka kwa nani, yakaenda kwa nani? Mfumo mpya, uliobuniwa kwa ushauri wa kampuni ya kibepari ya McKinsey, uliwaweka Wakurugenzi wa Maendeleo katika mikoa na wilaya. Fedha zilipitia Ofisi ya Waziri Mkuu. Kamati za maendeleo zilikuwapo, na wajumbe waliochaguliwa walikuwamo, lakini kauli ya mwisho juu ya bajeti ilikuwa ya watumishi. Kilichokwenda mikoani, basi, kilikuwa madaraka ya mtumishi. Diwani, ambaye mwananchi angeweza kumfuata nyumbani kwake na kumuuliza kwa nini jalala halijazolewa, hakuwapo tena.

Katika miji athari ilikuwa nzito zaidi. Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa, na wilaya za Ilala, Kinondoni na Temeke zikawekwa chini ya mkoa. Wakati huo huo watu walikuwa wakimiminika mjini. Mwaka 1967 mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa kuwa na watu 356,286. Mwaka 1978 walikuwa 843,090. Mji ulizidi kukua maradufu, na chombo cha kuusimamia kilikuwa kimeondolewa.

3. Kipindupindu kinaukuta mji hauna baraza

Kipindupindu hakikuletwa na sheria ya mwaka 1972. Tusipotoshe mambo. Janga la saba la kipindupindu duniani lilianzia Indonesia mwaka 1961, likafika Afrika Magharibi mwaka 1970. Nchini kwetu wagonjwa 10 walitangazwa mwaka 1974. Mlipuko mkubwa ulianza mwezi wa Oktoba 1977, Chama Cha Mapinduzi kikiwa hakijatimiza hata mwaka mmoja tangu kuzaliwa kwake.

Lakini jambo moja lazima lieleweke vizuri. Mdudu wa kipindupindu husafiri kwa maji na kwa kinyesi. Njia yake ni kisima kisichofunikwa, choo kilichofurika, mfereji ulioziba na chakula kinachouzwa kando ya jalala. Hivyo vyote ni vitu vya mtaa, na vinahitaji jicho la mtaa kila siku. Bwana afya alikuwapo, lakini aliwajibika kwa mkubwa wake wa kazi tu. Wakazi aliowahudumia hawakuwa na baraza la kumwita ajieleze.

Matokeo yake tunayaona katika namna vita dhidi ya maradhi hayo vilivyopiganwa. Dawa ya tetrasaiklini iligawiwa kwa wingi, kwa wagonjwa na hata kwa watu wazima wa afya ili kuwakinga. Mwanzoni mwa mlipuko dawa hiyo iliwaua wadudu wote waliopimwa. Baada ya miezi mitano tu, asilimia 76 ya wadudu waliochunguzwa walikuwa wamekwisha kuwa sugu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1979 na Mhalu na wenzake. Fundisho lake ni la siasa kama lilivyo la uganga. Kidonge kinaweza kugawiwa kwa amri kutoka makao makuu katika muda wa wiki moja. Mfereji hauzibuliwi kwa njia hiyo. Palipokosekana chombo cha kusimamia maji na vyoo, mkono wa Serikali ulikimbilia kile ulichoweza kukifikia.

Na gharama ya maisha ilikuwa kubwa. Kuanzia mwaka 1977 hadi 1992 kipindupindu kiliua kwa wastani watu 10 hivi katika kila wagonjwa 100 waliotangazwa. Mgonjwa anayefikishwa mapema kwenye zahanati na kurudishiwa maji mwilini kwa mchanganyiko wa chumvi na sukari hupona; mahali penye huduma nzuri hafi hata mmoja katika 100. Tofauti kati ya mmoja na 10 si tofauti ya mdudu. Ni tofauti ya huduma. Na aliyebeba pengo hilo alikuwa mwanamke, aliyechota maji mbali, akamuuguza mgonjwa, akafua nguo zake, kisha mara nyingi akaugua yeye.

4. Hoja mbili za kujibiwa

Wapo ndugu watakaosema kwamba wananchi walihamasishwa bila mabaraza, na mfano wao ni kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Ni kweli. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujadiliana, na vyoo mamia kwa maelfu vikachimbwa. Ni moja ya fahari za elimu ya watu wazima katika Afrika. Lakini kampeni ina siku ya kuanza na siku ya kumalizika. Choo hujaa, kisima hubomoka, na pampu hukatika baada ya wimbo wa kampeni kusahauliwa. Kampeni huanzisha kazi. Usimamizi ndio unaoidumisha.

Wengine watasema kwamba Chama kilikuwa kimeshika hatamu, na balozi wa nyumba kumi alikuwa katika kila mtaa. Hilo nalo ni kweli. Balozi aliijua kila kaya, na aliweza kujua mapema nani ameanza kuharisha. Lakini hakuwa na kura juu ya bajeti ya wilaya, wala hakuwa na mahali pa kudai mahesabu ya gari la taka lililokaa gereji. Kazi ya Chama ni kuongoza na kuonyesha njia. Kukagua vitabu vya matumizi na kumhoji mtumishi hadharani ni kazi ya baraza lililochaguliwa. Tulipoviunganisha vyombo hivyo viwili kuwa kimoja, tulivipunguzia nguvu vyote viwili.

5. Kurudishwa kwa mabaraza

Hali ya miji ilisema yenyewe. Mwaka 1978 ilipitishwa sheria ya muda ya kuyarudisha mabaraza ya miji, na kipindupindu kilikuwa moja ya mambo yaliyoharakisha uamuzi huo. Mwaka 1982 Bunge lilipitisha sheria namba 7, 8 na 9 za Serikali za Mitaa, na mabaraza yakaanza kazi tena nchi nzima mwaka 1984. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere, katika mazungumzo yake na jarida la Third World Quarterly, alikiri wazi kwamba kuyafuta mabaraza na kuvunja vyama vya ushirika ni mambo ambayo asingeyafanya tena. Huo ndio uongozi: kukosea, kukiri, kusahihisha.

Lakini historia haikuwasubiri madiwani wajifunze kazi. Wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya Bara ilikuwa na wagonjwa. Gonjwa hili lilidai matunzo: ya mgonjwa wa miaka, ya yatima, ya bibi aliyezika watoto na kubaki na wajukuu. Mabaraza yaliyozaliwa upya hayakuwa na fedha wala maofisa ustawi wa kutosha, na mzigo ukabebwa na ukoo. Baada ya Tume ya Taifa ya Kudhibiti UKIMWI kuundwa mwaka 2001, ndipo kamati za UKIMWI za halmashauri, kata na vijiji zilipopewa kazi hiyo kwa utaratibu. Karibu miaka 20 ilikuwa imekwisha kupita.

Wala tusidhani kuwapo kwa baraza ni kinga peke yake. Mwaka 1997 wagonjwa wa kipindupindu 40,249 walitangazwa nchini, na 2,231 wakafa. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015 uliwapata watu zaidi ya 30,000 kabla ya kutulia. Mabaraza yalikuwapo kisheria kwa miaka mingi. Swali ni kama yalikuwa na fedha, wataalamu, na ujasiri wa kuhoji.

6. Hitimisho

Kutokana na historia hii tunapata mafundisho matatu. Kwanza, chombo cha wananchi cha kusimamia huduma hakiwezi kuundwa katikati ya maradhi. Lazima kiwepo kabla, kiwe kimezoea kuuliza na kujibiwa. Pili, kupeleka ofisi karibu na wananchi si kuwapa wananchi madaraka. Madaraka ni haki ya kuamua fedha zitumike wapi na kumwajibisha aliyezitumia. Tatu, diwani anayekaa barazani kupiga makofi tu analifuta baraza kwa mara ya pili, na safari hii bila sheria.

Basi kila kada anayesoma makala haya aanzie pale alipo. Ajue kisima cha mtaa wake kinasimamiwa na nani. Ajue wazee wasiojiweza na yatima wa kata yake ni wangapi, na halmashauri imewatengea nini mwaka huu. Ahudhurie mkutano na aulize. Asipouliza wakati wa afya, wakati wa maradhi atapewa kidonge, na kidonge nacho huenda kikawa kimekwisha nguvu.