Baisikeli na Njia Zake katika Usukuma

Vitabu vinavyoeleza habari za usafiri katika Tanzania huipa reli sura ndefu, barabara ya motokaa sura fupi, na baisikeli huipewa sentensi moja au isitajwe kabisa. Mtu asomaye vitabu hivyo bila ya kuijua nchi aweza kudhani kuwa watu wa Shinyanga na Geita walitoka katika mwendo wa miguu wakaingia mara moja katika motokaa. Mambo hayakuwa hivyo. Kwa muda wa miaka hamsini na zaidi mkulima wa Usukuma alisafiri kwa baisikeli, katika njia nyembamba zisizopitiwa na gari lolote. Insha hii yakusudia kuonyesha kuwa njia zile zilikuwa kazi ya wakulima wenyewe, na kuwa zastahili kuandikwa kabla hazijafutika.

Tuanze na chombo chenyewe. Baisikeli yenye magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa, na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, ilitolewa Uingereza na John Kemp Starley mwaka 1885. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alipata hataza ya mpira wa kujazwa upepo. Hapo kwanza chombo hiki kilikuwa anasa ya wenye nafasi, kisha kikawa mali ya mfanyakazi. Katika Ufaransa, sheria ya mwaka 1936 iliwapa wafanyakazi likizo ya wiki mbili yenye malipo, na wengi wao walitoka mijini kwa baisikeli kwenda kuona mashamba na mito. Hata leo njia ndogo za mashamba ya Ufaransa, zenye magari machache, husifiwa na wapanda baisikeli kwa utulivu wake. Mfaransa aliutafuta utulivu kuwa pumziko baada ya kazi. Msukuma aliukuta utulivu ndani ya kazi yenyewe: alipita katika njia yake tulivu akipeleka pamba, akitafuta ng'ombe aliyepotea, au akienda msibani.

Kabla ya hapo safari zote zilikuwa za miguu. Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa mashuhuri katika misafara ya kwenda pwani. Mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke alitoka Kaze, karibu na Tabora ya leo, akaelekea kaskazini mpaka kwenye ziwa. Naye alifuata njia zilizokwisha kukanyagwa na wenyeji. Reli kutoka Tabora ilipita Shinyanga ikafika Mwanza mwaka 1928. Ilikuwa msaada mkubwa, lakini reli ni mstari mmoja katika nchi pana. Mtu aliyekaa mwendo wa kutwa kutoka stesheni alibaki na miguu yake.

Kilichoileta baisikeli kijijini ni pamba. Katika miaka ya 1950 wakulima, waliokuwa wamechoshwa na mizani ya wanunuzi, walianzisha vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vilikuwa na shirikisho lao la Victoria, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wake wakuu. Fedha ya pamba ilikuja mara moja kwa mwaka, wakati wa kiangazi, njia zikiwa kavu. Aliyelipwa aliwaza mambo matatu: kuongeza ng'ombe, kuezeka nyumba kwa bati, au kununua baisikeli. Ng'ombe ni mali inayozaa, na bati ni kinga ya mvua; lakini baisikeli ilimrudishia mtu siku zake. Safari iliyokula kutwa nzima ikawa safari ya asubuhi moja, na msafiri akarudi kulala kwake.

Je, njia za baisikeli zilitengenezwaje? Msukuma huijua ardhi kwa majina. Luseni ni udongo wa kichanga ulio juu, karibu na vilima vya mawe. Itogolo ni ardhi ngumu iliyo chini yake. Mbuga ni udongo mweusi wa bondeni. Njia ilifuata elimu hii. Mpanda baisikeli aliepuka mchanga mwingi, akatafuta itogolo iliyo ngumu, na mbuga akaivuka pale ilipokuwa nyembamba. Mvua ziliponyesha, udongo mweusi uliganda magurudumuni hata yakakataa kuzunguka. Hapo mtu alishuka akaitia baisikeli begani, na chombo kikampanda mwenye chombo. Mwezi baada ya mwezi magurudumu yalichora mstari mweupe majanini. Hapakuwa na mhandisi wala ramani, lakini kila pindo la njia lilikuwa na sababu yake.

Yafaa tusidhani kuwa utulivu wa njia zile ulikuwa zawadi. Palikuwa na mbung'o. Shinyanga ilikuwa makao ya utafiti wa mdudu huyu chini ya C. F. M. Swynnerton, aliyekufa katika ajali ya ndege mwaka 1938, na aina moja ya mbung'o ina jina lake hata sasa. Mbung'o hufuata kitu kinachokwenda. Kwa hiyo msafiri aliyetoka porini aliweza kumchukua mgongoni au katika baisikeli yake mpaka kwenye malisho salama. Ndiyo maana walinzi wenye vyavu waliwekwa njiani kuwakagua wapitao. Wananchi nao walifyeka pori kwa mikono yao. Nchi iliyo wazi, ambayo mtu aliweza kuipita peke yake bila hofu, ilinunuliwa kwa jasho.

Njia hizi zilivuka hata upande wa magharibi. Mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947 ulihimiza watu kuhamia Geita, ambako ardhi ilikuwa bado nyingi. Huko palikuwa na mgodi mkubwa wa dhahabu, uliofanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Mkulima mgeni alihitaji kurudi kwao kuangalia wazee, na mchimbaji alihitaji unga na habari, baisikeli iliwaunganisha. Mwaka 1958 watu wa Geita walipolikataa baraza la mataifa mchanganyiko, mamia yao walikwenda Mwanza kutoa malalamiko. Katika nchi isiyo na simu vijijini, habari za namna hiyo zilikwenda kwa kinywa cha mtu, na mtu alikwenda kwa miguu au kwa baisikeli.

Lakini sifa isizidi haki. Baisikeli ilikuwa mali ya mwanamume. Mke aliyepalilia na kuvuna pamba ileile mara nyingi aliendelea kwenda kwa miguu, mzigo kichwani, na kwa muda mrefu mwanamke aliyepanda baisikeli alitazamwa kama mvunja desturi. Siku zilizorudishwa na pamba hazikugawanywa sawa.

Leo mambo yamegeuka. Katika mji wa Shinyanga vijana waliifanya baisikeli kuwa chombo cha abiria, wakaiita daladala, jina ambalo Dar es Salaam ni la basi dogo. Kisha zikaja pikipiki, nazo zikawanyang'anya abiria wengi. Mgodi wa Geita ulifunguliwa tena mwaka 2000, na malori mazito yakaongezeka barabarani. Mwaka 2025 daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa, na ghuba iliyovukwa kwa kivuko huvukwa sasa kwa dakika chache. Hakuna mwenye akili atakayeyalaumu haya. Mgonjwa hufika hospitali upesi zaidi, na huo ni wema.

Hata hivyo kuna hasara. Wapanda baisikeli wawili walipokutana njiani asubuhi, walipunguza mwendo wakaamkiana, mwangaluka, wakaulizana habari za mvua, za ng'ombe na za wagonjwa. Mwendo wa chombo uliruhusu salamu, na ukimya wa njia uliruhusu sikio kusikia. Mwenye pikipiki hupita na vumbi lake, na mwenye baisikeli husukumwa ukingoni mwa barabara pana ambayo haikumtengea hata hatua moja.

Kazi yetu basi ni mbili. Ya kwanza ni kuwauliza wazee waliopita njia zile, na kuandika zilipoanzia, zilipovukia mbuga, na nani alizifyeka. Maana waliozijua wanapungua kila mwaka. Ya pili ni kuwakumbusha wapangao barabara kuwa pembeni mwa kila lami pastahili njia ya mtu aendaye kwa nguvu zake mwenyewe. Mkulima aliyeichora njia yake bila ya kulipwa hastahili kufukuzwa katika njia iliyojengwa kwa kodi yake.