Ukinzani

Nomino "ukinzani", inayotokana na kitenzi "kinza", yaani kupinga, hutaja katika fizikia kani ambayo hewa huelekeza dhidi ya chombo kinachosonga, na mwendesha bodaboda anayevuka Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, huipokea kifuani mahali ambapo upepo wa Ghuba ya Mwanza haukuti kizuizi. Kasi ikiongezeka maradufu, kani hiyo huwa mara nne. Ndiyo maana gari la wazi kama Lotus Seven, ambalo tangu 1957 Waingereza wengi waliliunganisha wenyewe nyumbani, huchapuka upesi kwa wepesi wake lakini huelemewa katika kasi kubwa, kwa kuwa wepesi haupunguzi ukinzani wa hewa, ilhali magurudumu yaliyo nje ya bodi, kioo kilichosimama na nafasi ya dereva isiyo na paa huivuruga hewa na kuacha nyuma kanieneo dogo, yaani msukumo hafifu kwa kila kipimo cha eneo. Neno "msuguano", ambalo baadhi ya waandishi hulitumia hapa, halifai, kwani sehemu kubwa ya kani hii hutokana na tofauti ya kanieneo kati ya mbele na nyuma ya gari, wala si hewa kukwaruzana na bodi.